Khabari Aliyoificha Kiranja

Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo sijakaa pahala pamoja hata kiti kikanizoea. Nimeuza samaki Matrah, huku Oman, nimeshusha makontena bandarini, nimelinda jengo lisilokuwa na kitu cha kuibwa. Lakini penye watu waliosoma hunikosi. Nikimwona msomi huwa nataka kujua shule ilimfanya nini, kama vile wengine wanavyotaka kujua ndani ya nyumba ya kifalme mna nini.

Kwa hiyo kazi ya kumwendesha babu niliipenda kuliko zote. Ni ami yake mama yangu, na kwangu ni babu. Anaishi Amerat kwa binti yake. Kila Alkhamisi baada ya alasiri nilikuwa nikimvusha milima kwa gari mpaka Hamriya, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka moja la vipuri vya viyoyozi. Humo hukutana wazee waliosoma naye. Shule yao iko Uingereza, ya mawe, kongwe hata wenyewe Waingereza huionea fahari ukongwe wake. Walipelekwa huko kutoka Unguja wakiwa wavulana, wachache tu, wakasome na watoto wa mabwana. Mapinduzi yaliwakuta bwenini, nje theluji. Wakabaki na lafudhi ya wakubwa, na kwao pa kurudi hawana.

Mimi nilidhani shule kama ile hutoa mawaziri tu, kama tanuri linavyotoa mikate. Nilimwuliza mmoja mmoja. Mmoja alikuwa daktari wa macho. Alinambia kwamba alipofika Oman, nchi ya mababu zake, hakuwa na Kiarabu hata cha kuombea maji, akawa anawatibu watu kwa ishara. Bibi mmoja kutoka milimani alimwuliza muuguzi, "Huyu Mngereza mbona anafanana na sisi?" Mwingine alisomea urubani akaishia kupanga safari za mabasi. Mmoja, walinambia, alibaki London akiendesha basi mpaka akazikwa huko huko. Mwenye duka lile alisomea historia ya wafalme wa Uingereza, anawajua wote na wake zao.

"Na wamekusaidia nini?" nilimwuliza.

"Wafalme hawajaniuliza kitu tangu nimalize," alisema. "Kompresa ndiyo inaniuliza kila siku."

Babu mwenyewe alikuwa ofisa forodha. Wao humwita Kiranja, maana ndiye aliyekuwa mkubwa wao kule, na baba zao walimkabidhi wenziwe awaangalie. Hucheka kuliko wote, ila akitajwa mtu mmoja hunyamaza. Mtu huyo ni mhandisi wa maji, mstaafu, anayeishi Qurum, naye hakuwahi kutia mguu barazani pale.

Siku moja babu alipokwenda kutia udhu, nikauliza sababu. Daktari akatazama dari. Mwenye duka ndiye aliyenieleza.

Majira yale ya baridi, baada ya mapinduzi, baba yake mhandisi alifariki Unguja. Khabari ikafika London kwa wazee wa kwetu, nao wakamfikishia Kiranja, wakamwambia amfiche kijana mpaka mitihani iishe. Barua za nyumbani zilikuwa hazifiki kwa yeyote, kwa hiyo kijana hakushuku. Shule ile ilikuwa na desturi: kila Jumapili, baada ya kanisa, wanafunzi wote, na Waislamu pia, hukalishwa ukumbini wakaandikia wazazi wao.

"Kila Jumapili," mwenye duka alisema. "Anamwandikia baba yake. Mchezo gani kashinda, chakula gani hakiliki. Na Kiranja kakaa benchi moja naye, anajua."

Kikombe kilinibaki mkononi, sikinywi wala sikiweki. Nimeona mengi, nimeona mtu akidondoka kutoka ghorofani, lakini benchi lile lilinishinda. Nilijaribu kuufikiria mkono wa yule kijana ukiandika 'Baba mpenzi', nikashindwa.

Garini, tukirudi, nilikuwa siwezi kujizuia.

"Babu, ni kweli?"

Hakuniuliza kweli nini.

"Kwetu ndivyo," alisema. "Mtu yuko ugenini, ana mtihani, humtupii msiba mkononi. Unampa polepole. Ndivyo nilivyolelewa na ndivyo wazee walivyonambia."

"Na wewe ulikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Kiasi cha kuambiwa nikatii."

Tulipanda mlima. Kisha akasema, "Nnataka radhi yake kabla sijafa. Nimemtumia watu, nimempigia simu, hapokei. Sina jengine ninalolitaka duniani, mwanangu. Hilo tu."

Haikupita muda, asubuhi moja, simu ya babu ikalia. Daktari alikuwa ameandika kwenye kikundi chao: inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, kisha jina la mhandisi, la baba yake, la babu yake na la kabila. Aza, yaani matanga, ni kwenye sabla moja, ukumbi wa watu wa mtaa, huko Sib, kuanzia leo baada ya alasiri. Babu alikuwa anavaa kanzu. Alikaa kitandani, mkono mmoja umo kwenye kanzu na mmoja uko nje.

"Kaniwahi," alisema.

Binti yake alimwambia asiende, moyo wake si mzima. Nilimsaidia mkono wa pili.

Asiyejua aza za hapa nimweleze. Wanaume hukaa ukumbini wameegemea kuta. Unaingia, unatoa salamu, unaanzia kulia unampa mkono kila mmoja mpaka mwisho, unawaombea wafiwa ajri, malipo ya subira yao, unakaa. Unaletewa tende na kahawa. Dua inaombwa, unaondoka. Humwulizi mtu nani amekufa, maana kuuliza ni kusema umefuata kahawa. Daktari na mwenye duka walikuwa wameshafika, vichwa vimeinama. Babu alimaliza safu ya mikono, akakaa, na machozi yakaanza. Hakuyafuta. Mzee mmoja wa wafiwa, mwenye bakora, alimsogelea akamshika goti.

Babu akamwambia, kwa Kiarabu chake cha forodhani, "Nimesoma naye Uingereza. Bweni moja. Nimemkosea, na sikuwahi kumtaka radhi."

Yule mzee alimtazama sana.

"Uingereza?" alisema. "Marehemu ni ndugu yangu. Ndege hajawahi kuipanda. Hata Salala, kusini kabisa, alikwenda kwa gari."

Mwenye duka alirudisha tende sahanini. Daktari alikohoa, akaendelea kukohoa.

"Alikuwa na mitende yake na mbuzi wake," mzee aliendelea, polepole, kama anayemweleza mgonjwa. Kisha akamshika babu mkono. "Lakini umemlilia kuliko wanawe. Allah akulipe. Kaa, unywe kahawa."

Tukanywa. Sijawahi kunywa kitu kigumu kumezeka kama kahawa ile.

Nje, kwenye magari, mwenye duka alimrukia daktari.

"Daktari mzima wa macho, husomi!"

"Jina ni lake!" daktari alilalama. "La baba ni lake, la babu ni lake, kabila ni lake!"

"Na roho je? Nayo ni yake?"

"Mimi nimeletewa, nikapeleka!"

"Ungepeleka kwanza akili!"

Mimi kicheko kilinijia pamoja na kilio, sikujua kipi nikiache kitoke. Babu hakucheka. Alishika mlango wa gari kwa mikono miwili.

"Yuko hai," alisema. "Twende Qurum."

"Babu, tupumzike kwanza."

"Nipumzike nini? Nimeshamzika, na nimeona inavyokuwa. Endesha!"

Nyumba ya mhandisi ina geti jeupe. Alifungua mwenyewe, kikoi kiunoni, fulana, mpira wa maji mkononi. Alikuwa anamwagia miti. Ni mtu mrefu, mkavu, na macho yake yalitua kwa babu yakabaki hapo. Hakuna aliyetoa salamu. Kwa watu wa kwetu hilo peke yake linatosha kumtisha mtu.

"Nimetoka kwenye aza yako," babu alisema.

"Najua. Tangu asubuhi watu wananipigia simu kuwapa pole wanangu. Nikipokea mimi, wanakata." Aliutazama mpira wa maji. "Na wewe, khabari uliipata lini?"

"Asubuhi."

"Ukaja leo leo."

"Nikaja."

"Umeona basi. Mimi nimekufa asubuhi, alasiri umeshalia. Baba yangu kafa theluji imejaa, mimi nimekuja kulia watu wanacheza kriketi juani."

"Nisamehe," babu alisema. Sauti ilikuwa ndogo mno.

"Usinambie nisamehe! Kila uliyemtuma kaja na hilo hilo. Mimi bado hujanambia."

"Sijakwambia nini?"

"Khabari yenyewe." Hapo ndipo sauti yake ilipopanda. "Hukunipa wewe, Kiranja. Ulimtuma mwalimu wa bweni. Mngereza kaniita ofisini, kanipa pole kwa Kiingereza, kanipa chai na biskuti, kanambia nijikaze. Na wewe ulikuwa nje ya mlango. Nilikiona kiatu chako kwa chini."

Nilimgeukia babu. Hili hakunambia, na mwenye duka hakulijua. Babu alikuwa ametazama chini, na niliona kwamba ni kweli, kiatu kilikuwa chake.

"Kukaa kimya nimekuelewa zamani," mhandisi alisema. "Wazee walikwambia, na wewe ulikuwa mtoto. Lakini hata ilipokwisha hukuweza kuja wewe, mtu wa kwetu, ukanambia kwa lugha yetu. Nimekaa maisha yangu yote nikiwa nimefiwa kwa Kiingereza. Haya, nambie sasa."

"Sasa?"

"Sasa. Hapa hapa. Nambie kama ungenambia siku ile."

Babu alilishika geti. Nikamshika kiwiko, akanitoa. Akakaza mgongo kama kijana anayesimamishwa darasani.

"Ndugu yangu," alisema. "Kaa kitako. Nna khabari ya nyumbani, na si khabari njema. Baba yako, Mwenyezi Mungu kamchukua. Sote ni wake. Sisi ndugu zako tupo, hatukuachi peke yako."

Mpira ulimtoka mhandisi mkononi. Alikaa pale pale chini, kwenye sakafu iliyorowa, akalia kwa sauti. Hakikuwa kilio cha mzee. Mtu aliyechimba visima nusu ya nchi hii, aliyevuta mabomba mpaka majangwani, alikuwa anaita "Baba! Baba!" na maji yanampitia miguuni, na mimi nimesimama nimeshika funguo za gari.

Dada anayefanya kazi pale ndani, msichana wa Tanga, alitoka mbio na kitambaa cha jikoni.

"Jamani, baba, kuna nini? Nani amekufa?"

"Baba yake," babu akamjibu.

Akaweka mikono kichwani. "Masikini! Lini?"

Babu alichutama mbele ya mhandisi.

Baada ya muda mhandisi alifuta uso kwa ncha ya kikoi. Akamnyooshea babu mkono wa kulia, vile mfiwa anavyounyoosha kwa anayeingia kwenye aza. Babu akaupokea, akamwombea ajri, neno kwa neno. Nami nikaupokea baada yake. Ulikuwa umelowa na wa baridi.

"Radhi sijui," mhandisi alisema. "Hilo sijui, Kiranja, sikudanganyi. Lakini ingieni. Watu hawapokei msiba getini."

Tukamwinua, tukaingia. Dada alifunga maji, akatuletea kahawa na tende, akakaa mlangoni na kitambaa chake, akinitazama mimi tu, akingoja nimwambie lini.