Mgomba wa Rogasian

Sisi watu wa Nyamigogo hatuna desturi ya kwenda likizo. Tunasafiri, lakini kwa sababu: msiba, harusi, hospitali, kesi ya shamba. Mtu akifunga nyumba, akawaachia majirani mbuzi wake, akaenda mahali kukaa tu na kutazama maji, majirani hao watauliza kama ana akili timamu. Kwa hiyo wifi yangu Christina alipopiga simu kutoka Dodoma, Juni hii, akasema amekodi vijumba viwili kisiwani ili familia nzima ikapumzike pamoja, nilimgeukia mume wangu Ansbert nikamuuliza: tunapumzika na maharage yapo juani, nani atayaanua?

"Si kwa ajili yetu, Zita," akasema. "Ni kwa ajili ya mama."

Mama ndiye mkwe wangu, Adelfina, na habari hii ni yake. Ni mwanamke mfupi, mkavu, asiyependa maneno. Ukimkuta anapalilia ukampa shikamoo, ataitika marahaba bila kuinua mgongo. Aliachwa mjane mapema na watoto watatu: Ansbert, Christina, na Rogasian kitinda mimba. Huyo wa mwisho alikuwa mgonjwamgonjwa utotoni, kula kwake vita. Mama akamfundisha mchezo: ukimaliza chakula, pindua sahani, igonge mara mbili, nisikie hata nikiwa jikoni. Mtoto akapona, akawa mwanamume wa mabega mapana, na mchezo hakuuacha. Mwaka nilipoolewa nilimsikia mwenyewe. Ngo, ngo. Na mama kutoka jikoni akaitika, "Haya, baba." Nilicheka hadi nikapaliwa.

Rogasian alikuwa anapeleka ndizi visiwani kwa wavuvi. Alinunua mikungu kwa watu wa kwetu na wa Nyabusozi, akaishusha Nyamirembe ziwani, akavuka nayo. Mwaka aliozaliwa mwanangu Elick, mtumbwi wake ulipatikana umepinduka. Mikungu ilielea mpaka ufukweni, watu wakaiokota. Yeye hakuonekana.

Mtu akipotea majini, nyumbani kwetu tunazika mgomba badala yake. Linakatwa gogo la urefu wake, linavikwa sanda, linalala ndani usiku mmoja na wanawake wanalilia, asubuhi linazikwa. Hivyo ndivyo mioyo inavyofungwa. Ansbert ndiye aliyekata gogo la mdogo wake, na ndiye aliyelishusha kaburini. Mvua zilipokuja, kaburi likaota.

Usicheke. Gogo tupu haliwezi kuota. Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba mgomba huchipua kutoka kwenye tunguu lake lililo ardhini. Watu wakaja kutazama, wakatikisa vichwa, wakahukumu: Ansbert alikata vibaya, amemzika ndugu yake na tunguu lake. Mpaka leo, kilabuni pombe ikishawaingia, kuna mtu atamwambia, "Wewe hata kuzika hujui." Mume wangu hajawahi kujibu. Mimi ninawajibu, na ninawajibu vibaya, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mgomba ukakua, ukazaa. Hakuna aliyethubutu kula ndizi zake, kwa sababu anayekula kilichoota juu ya maiti anamla maiti. Mkungu uliiva ukaozea pale pale, mwaka baada ya mwaka. Lakini mama aliupalilia, akauwekea samadi, akakata majani makavu. Misa ya marehemu aliikataa. Alimwambia katekista, "Unaona kaburi la mtu aliyekufa likizaa?" Visiwani wapo watu waliopotea kwa hiari yao, alisema, na mwanawe huenda ni mmoja wao. Sahani yake ikaendelea kutengwa mezani. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Nyumbani kwetu asiyekuwapo ndiye aliyekuwa na kila kitu, na Ansbert aliyekuwapo alikuwa na lawama. Nilichoka. Nasema wazi, nilimchukia shemeji yangu marehemu.

Basi Christina akafikiri kwamba mama akiyaona yale maji kwa macho yake, atakubali. Mama alimsikiliza kwenye simu mpaka mwisho, kisha akatoa sharti. Atakwenda, lakini atachukua mkungu wa kwenye kaburi. Utapikwa kisiwani, sahani ya Rogasian itawekwa barazani kila mlo. Akija kula, mgomba unabaki na hakuna atakayemtajia tena misa. Asipokuja, mama akirudi nyumbani ataung'oa kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama, umeahidi?" Ansbert akauliza.

"Nimesema," akajibu.

Tulikwenda kwa gari la kukodi, Noah, mpaka ziwani, tukavuka kwa boti. Jina la kisiwa silitaji, wenye vijumba wasije wakanilaumu. Ni pazuri, siwezi kukana. Wanaviita mabanda, ingawa kwetu banda ni la mbuzi, na mle ndani kulikuwa na vitanda vyenye neti na choo cha kukalia. Elick na mdogo wake walivua viatu hapo hapo wakaingia majini. Christina alikuja na bintiye Ishimwe, mtoto wa miaka sita, aliyemzaa na mume wake Minani wa Ngara. Ishimwe amekulia Dodoma. Ndizi za kupika alikuwa anazitazama kama adhabu. Alitaka chipsi, na hata chipsi hamalizi.

Mtunza vijumba, kijana mmoja mpole anayeitwa Matiasi, aliona tumepanga kiti cha ziada barazani na sahani mbele yake.

"Mnasubili mgeni, mama?"

"Hapana," Ansbert akasema.

"Ndiyo," mama akasema.

Nilipika ndizi zile mimi, kwenye sufuria ya peke yake, kwa maharage na chumvi, na mkono wangu ulikuwa mzito. Mama alipakua, akaweka sahani, akakaa jikoni mlango wazi. Hakuangalia ziwa hata mara moja. Alikuwa anasikiliza.

Kesho yake sahani ilikuwa vile vile. Keshokutwa vile vile. Lingekuwa jambo la kawaida, ila kisiwa kile kina tumbili wezi wasio na haya. Walituibia sabuni, wakaiba soksi ya Elick kwenye kamba. Walikaa kwenye matawi juu ya baraza wakiitazama sahani ya ndizi, na hakuna aliyeshuka. Hata sisimizi waliokuwa wakipanda mguu wa meza walifika ukingoni mwa ile sahani wakageuka. Niliinama nikawatazama kwa muda mrefu.

"Umeona?" nikamnong'oneza Ansbert.

"Nimeona," akasema. "Usimwambie mama."

Siku ya mwisho kabla ya kurudi, mama alipakua tena zile ndizi. Uso wake ulikuwa umeshuka. Nilimhurumia kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na nikajionea haya kwamba chini ya huruma ile nilikuwa na furaha: mgomba ule utang'oka, na watu watanyamaza. Wakati huo Matiasi akaja mbio kutoka ufukweni.

"Ingieni ndani! Fungeni madilisha, wadudu wanakuja!"

Juu ya ziwa ulikuwa umesimama moshi mweusi, mrefu kufika mawinguni, na ulikuwa unatembea. Ni wadudu wa ziwani, wale wadogo wasiouma, wanaoibuka kwenye maji mamilioni kwa mamilioni. Matiasi alisema hawadhuru, ila wataingia puani na mdomoni. Tukajifungia, sisi na wanetu kijumba kimoja, Christina na Ishimwe kingine, mama jikoni. Mchana ukawa giza. Madirisha yalifunikwa mpaka hatukuona nje, na ile sauti haikuwa kelele, ilikuwa mnong'ono, kana kwamba watu wengi wanaongea chini chini nyuma ya ukuta. Mdogo wake Elick akaanza kulia. Nikamkumbatia.

Kisha mnong'ono ukakatika ghafla. Na katika ukimya ule, barazani, tukasikia.

Ngo, ngo.

Kabla yeyote hajapumua, sauti ya mama ikatoka jikoni: "Haya, baba."

Ansbert ndiye aliyefungua mlango. Sakafu ya baraza ilikuwa nyeusi kwa wadudu waliokufa, nasi tuliwakanyaga kama makapi. Kwenye kile kiti alikuwa amekaa Ishimwe, miguu inaning'inia, wadudu wamejaa kwenye nywele zake, na hajali. Mbele yake sahani ilikuwa imepinduliwa. Mkono wake ulikuwa bado umekunjwa ngumi juu yake.

Christina alitoka kijumbani kwake akipiga kelele kwamba mtoto alikuwa kitandani sasa hivi, mlango ameufunga mwenyewe. Mimi niliipindua ile sahani. Ilikuwa safi.

"Nani alikufundisha kugonga?" nikamuuliza, na nilimshika bega kwa nguvu kuliko nilivyotaka.

Ishimwe alinitazama kama anayeulizwa jambo la kipuuzi. "Nimeshiba, anti."

Mimi mwanamke wa kutafuta sababu, na nilizitafuta. Labda bibi alimsimulia. Labda mama yake. Wote wawili waliapa kwamba hawakufanya hivyo, na Christina alikuwa Dodoma akisoma miaka yote Rogasian alipokuwa mtu mzima. Mchezo wenyewe alikuwa amekwisha kuusahau. Sasa alilia kwa furaha, akapiga magoti kwenye wadudu.

"Amekuja, mama! Umesema akija, na amekuja!"

Ansbert alikuwa amekaa kwenye ngazi. "Basi mgomba ubaki," akasema polepole. "Mama ameshinda."

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, ameshika mwiko. Hakucheka, hakulia. Alimwendea mjukuu wake, akaanza kumtoa wadudu kichwani mmoja mmoja, na hakuacha mpaka nywele zikawa safi.

"Christina," akasema mwishowe, "mwanangu alikuwa na mikono yake miwili. Angekuwa hai, angekuja kula kwa mikono hiyo. Aliye hai haazimi mkono wa mtoto."

Nilitamani nimwambie sivyo, mimi niliyeutaka ukweli huo kwa miaka yote. Nikachukua ufagio, nikaanza kufagia wadudu.

Asubuhi tulivuka kurudi. Zilikuwa zimebaki chane tatu mbichi kwenye mkungu, mama amezifunga kwenye khanga. Katikati ya maji alimgusa Matiasi aliyekuwa akiendesha, akamwomba azime injini. Akafungua khanga, akaziinamisha zile ndizi ukingoni, akaziachia taratibu. Ndizi huelea, mikungu ya Rogasian ilielea mpaka ufukweni. Hizi zilikwenda chini moja kwa moja, bila povu, kama zimepokelewa. Matiasi alifanya ishara ya msalaba na kuwasha injini mara tatu kabla haijakubali.

Tulipofika nyumbani hakusubiri hata chai. Alichukua jembe akaenda kaburini, na Ansbert akamfuata na sururu. Ule mgomba ulikuwa umezaa watoto wengi, shina lake limekuwa pana. Walichimba mpaka jua likapita utosi. Tunguu la mwanzo lilipotokea, jeusi, bado na uzi wa sanda umeshikamana nalo, mama aliacha kuchimba.

"Ansbert. Gogo lako ulilikata vizuri."

Mume wangu akasimama.

"Usiku ule tulipolala nalo ndani, wenzangu waliposinzia, nililitoa. Nilileta mgomba mchanga na tunguu lake, nikauvika ile sanda. Wewe hukujua. Mimi sikumzika mwanangu. Nilimpanda."

Nilifungua mdomo, nikitaka kumwambia juu ya kilabu, juu ya vicheko, juu ya mume wangu kurudi nyumbani akiwa kimya na kulala bila kula, na yeye mama akijua yote, akisikia yote, akinyamaza. Ansbert aliniangalia mara moja tu. Nikaufunga mdomo. Akainama, akashika sururu, akaendelea kuchimba mpaka mzizi wa mwisho.

Alasiri alikata gogo jingine, tupu, la urefu wa mdogo wake kama alivyoukumbuka. Safari hii halikulala ndani; katekista alisoma sala. Mama alirusha udongo wa kwanza, na sauti aliyoitoa siku hiyo ilikuwa imekaa ndani yake tangu Elick akiwa mchanga. Watu mpaka kule Kaniha walisema waliisikia, ingawa majirani zetu wanapenda kuongeza chumvi.

Baada ya mazishi tukala. Sahani ya Rogasian haikutengwa. Mama hakugusa chakula chake. Alikuwa anamtazama Ishimwe, na sisi sote, tukijifanya hatutazami, tulikuwa tunamtazama Ishimwe. Mtoto alikula matonge machache, akakunja pua, akaisukuma sahani.

"Sitaki ndizi. Hakuna chipsi?"

Mama aliivuta ile sahani. Akala zile ndizi zilizobaki, polepole, mpaka punje ya mwisho ya maharage. Akaipindua. Akaigonga mara mbili.

Jikoni hakukuwa na mtu. Tulikaa tukiisikia ile sauti ikipotea, na mama akiwa ameinamisha kichwa, mkono wake ukiwa bado juu ya sahani, akisubiri.

"Haya, mama," akasema Ansbert.