Maimouna na Mtungi wa Gesi

Nimeona watu wakisifiwa kwa kuimba, kwa kuhubiri, hata kwa kumaliza sinia zima la nsima, ugali wa huku. Maimouna anastahili sifa kwa kuchagua mtungi wa gesi. Anayetaka kucheka anisikilize kwanza mimi, Madeleine, fundi cherehani wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, maana nilicheka kabla yake.

Maimouna alitoka Kindu, Kongo. Huko alipika miaka kumi na miwili kwenye nyumba ya wageni ya reli, kwa jiko la gesi, mpaka vita vya mwaka 1998 vikamfukuza. Kambini alikuwa anauza mandazi. Vibanda vyetu vilipakana, lakini sikuwahi kumwuliza anajua kazi gani nyingine.

Mwaka 2000 Pasta Nduwayo wa kambini kwetu alipata kibali cha kwenda Karonga, kaskazini mpakani, kuwapokea watu waliokuwa wakikimbia vita hivyo hivyo. Mmisionari mmoja aliyerudi kwao alimwachia gari lenye kitanda, kabati na jiko ndani. Pasta angesafiri na mkewe Gabriella na binti yao Arlène wa miaka miwili, ambaye godoro lake lilitandikwa sakafuni mbele ya kabati. Kulikosekana mtungi wa gesi tu. Gabriella akamwomba Maimouna atusindikize Lilongwe kuununua, nami nikanuna njia nzima. Muuza mandazi anajua nini?

Kule Lilongwe, kwenye duka la gesi la mtaa wa Kawale, Pasta alishika moja kwa moja mtungi mkubwa uliong'aa kwa rangi mpya. Maimouna akapitisha kidole kwenye shingo ya mtungi.

"Pasta, hii mi nakataa. Rangi imefunika tarehe ya kupimwa. Na iko mukubwa, mutaifunga wapi isianguke?"

"Lakini iko mupya," nikadakia.

"Rangi njo mupya, Mama Madeleine, si mutungi."

Akainama, akaigeuza mitungi mmoja mmoja, akikagua kitako kama kina kutu na kusoma namba zilizogongwa kwenye chuma. Akachagua mdogo, wenye mikwaruzo, ambao hata mwizi asingeuangalia mara mbili. Akaomba maji na sabuni, akapaka povu kwenye koki, akachuchumaa akilitazama kwa muda mrefu. Halikuvimba popote; gesi haikuvuja. Muuzaji akaanza kumwita "amayi", yaani mama, kwa adabu ambayo mimi sikuipata tulipoingia.

Tuliporudi kambini, Pasta aliusimamisha mtungi kabatini, akaufunga kwa mkanda. Maimouna akatazama sakafu ya kabati.

"Hapa chini lazima mutoboe tundu, litokee nje."

Pasta akakunja uso. "Gari nimepewa juzi, nianze kulitoboa?"

Nilimwunga mkono haraka. "Madirisha iko tatu! Gaz ikitoka, itapita huku juu."

"Gaz haipandagi juu," akasema Maimouna bila kupandisha sauti. "Iko nzito. Inatembea chini, sawa maji."

Nilifungua mdomo nimjibu, lakini yeye alikwisha kuchota kikombe cha maji. Akayamwaga kabatini taratibu, kisha akafunga mlango wake. Tukasubiri. Maji yakatokeza chini ya mlango, yakatambaa sakafuni bila haraka, yakafika kwenye godoro la Arlène na kulowesha upande wa mto.

Kile kitu kisichoonekana, ambacho mimi nilikuwa nikikipangia njia ya dirishani, nilikiona kwa macho yangu kikienda kwenye pua ya mtoto. Nilimtazama Maimouna, niliyepakana naye miaka miwili, kama mtu ninayemwona leo. Nakiri, nilimwogopa kidogo, na nilimheshimu mno.

Gabriella aliuokota mto, akaukumbatia. Pasta alitoka nje, akarudi na keekee ya mkono, akapiga magoti mbele ya kabati.

"Nionyeshe fasi ya kutoboa, Mama," akamwambia.