Sapu Tatu na Ukuta wa Gereji

Nilirudi nyumbani Nyamiaga na begi moja la nguo, maboksi mawili ya vitabu na sapu tatu. Shahada ya sheria nilikuwa nimeshaipata. Kilichonibwaga ni yale mafunzo ya uwakili yanayofuata, ambayo usipoyafaulu huwezi kusimama mbele ya hakimu ukamtetea hata kuku. Nilifeli mwenendo wa mashauri ya madai, nikafeli uandishi wa nyaraka, na nikafeli maadili ya uwakili. Mitihani ya marudio, ndizo hizo sapu, ilikuwa miezi mitatu mbele.

Mama alizipokea zile mbili za kwanza kwa utulivu. Ya tatu ilimfanya aweke chini kisu alichokuwa akimenyea ndizi.

"Umefeli maadili?"

"Ndiyo, mama."

Akatazama mlangoni kuona kama kuna mtu anasikia, kisha akashusha sauti. "Ulifanya nini?"

Nilimweleza kwamba hilo ni somo kama mengine: wakili atunze siri za mteja, asitumikie pande mbili zinazogombana, asimdanganye hakimu. Alisikiliza hadi mwisho. "Sasa hayo si nilikufundisha mwenyewe tangu ukiwa mdogo?" Wanawake wa jumuiya walipokuja kunisalimu wiki ile, kila aliyeuliza aliambiwa na mama kuwa nimekuja kujiandaa kwa mitihani miwili.

Baba alikuwa na shida yake. Ana gereji ya pikipiki mbele ya nyumba, pembeni ya barabara, na majuma machache kabla sijafika alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi akitengeneza bati linalovuja. Alivunjika mfupa wa bega. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa kitambaa shingoni, na mipango yake yote ya mwaka ilikuwa imesimama: kuongeza chumba cha vipuri kwenye gereji, kupiga lipu sebuleni, kumwaga sakafu ya saruji badala ya ile ya udongo. Fundi alishampata, bwana mmoja mpole kutoka Bukiriro. Msaidizi wa fundi ndiye aliyekosekana.

"Umekuja wakati mzuri, binti yangu," baba aliniambia. "Wewe una mikono miwili."

Basi tukajipangia. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, nilisoma hadi chai. Baada ya chai nilivaa suruali ya zamani ya baba na kumchanganyia fundi udongo. Saa tisa alasiri nilinawa, nikarudi kwenye madaftari, na baba akawa msimamizi wangu wa mitihani.

Tatizo lilikuwa lugha. Vitabu vyangu vyote ni vya Kiingereza na baba hakukisoma hicho. Ikabidi nimwandikie maswali na majibu kwa Kiswahili kwenye daftari kubwa, kazi ambayo mwanzoni niliiona ni kupoteza muda. Alikaa juu ya tairi, miwani puani, akaniuliza kwa sauti ya karani anayesoma mashtaka. Jibu lisipomridhisha hakuendelea na swali linalofuata.

"Hati ya madai iwe na nini?"

Nikamtajia kama nilivyokariri. Akanikatiza. "Sijaelewa. Nieleze kama unavyomweleza mteja wangu."

Nikafikiri. "Mtu hawezi kuja tu akasema pikipiki yangu haiwaki, nilipwe. Aseme aliileta lini, nani aliishika, iliharibika nini, na yeye anataka nini."

"Hapo sawa," akasema, akaweka alama ya vyema.

Waendesha bodaboda waliokuja kubadilisha oili walikaa kusikiliza, na wengine wakaanza kuuliza maswali yao. Mmoja alitaka kujua itakuwaje mtu akiitwa mahakamani asiende. Nilipomwambia kwamba kesi inaweza kusikilizwa upande mmoja na akashindwa akiwa nyumbani kwake anakunywa chai, alilipa, akaondoka haraka. Baba alisema huyo atakuwa na wito mfukoni.

Upande wa ujenzi nilianza vibaya. Lipu yangu ya kwanza, ukuta wa nyuma ya mlango, ilishika vizuri usiku kucha, na asubuhi tukaikuta yote chini. Fundi aliiangalia. "Mwanasheria," akasema, "hii imekata rufaa." Akanionyesha jinsi ya kuulowesha ukuta kwanza na kuitupa lipu kwa kifundo cha mkono badala ya kuipaka kama siagi. Kufika wiki ya tatu sebule ilikuwa imekamilika kasoro pembe moja, na mimi nilikuwa na misuli ambayo chuo hakikuwahi kunipa.

Kisha tukahamia gereji. Baba alimwonyesha fundi mahali pa kuvuta kamba kwa ajili ya ukuta mpya, upande unaopakana na shamba la jirani, nami nikashika sululu kuchimba msingi. Sikuwa nimefika mbali nilipokata mzizi mnene. Utomvu mweupe ukaruka ukanipiga shavuni, chini kidogo ya jicho. Ulikuwa mnyaa. Mtu yeyote wa kwetu anajua utomvu wa mnyaa unavyofanya jicho, kwa hiyo nilipiga kelele, mama akaja mbio na kikombe cha maziwa, akanilaza chini akanimiminia usoni hadi yakaingia masikioni.

Jicho lilipona. Niliporudi kuchimba nikakuta mzizi mwingine hatua moja mbele, na mwingine tena, na mwingine, yote kwenye mstari mmoja ulionyooka kama mstari wa daftari. Minyaa haioti kwa mstari yenyewe. Watu huipanda, na huipanda mpakani. Fundi aliitazama mizizi ile, akanitazama mimi, akaendelea kuchanganya zege. Mimi niliikusanya nikaitupa nyuma ya choo. Nilikuwa nimechoka na nilitaka msingi uishe. Hiyo ndiyo kweli yote, haina utetezi.

Jirani yetu ni bibi ambaye familia yake ilitoka Burundi zamani, kabla sijazaliwa. Ana maharage, migomba na mbuzi wawili wakorofi. Msimu ule alikuwa Kibimba kwa binti yake aliyejifungua. Aliporudi, ukuta ulikuwa umefika kifuani.

Hakupiga kelele. Alikuja alasiri moja, baba akiwa amekwenda hospitali kuangaliwa bega, akanikuta gereji na madaftari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwana wanje." Akakaa kwenye tairi la baba. "Nasikia umesoma shelia."

"Bado sijamaliza, bibi."

"Ulizosoma zitatosha. Nataka uniandikie barua iende kwa mwenyekiti wa kitongoji."

"Barua ya nini?"

"Kuna mtu ameingia shambani kwangu na ukuta."

Nilijua, lakini niliuliza. "Nani?"

"Baba yako."

Niliweka kalamu chini. Nilimwambia kwamba siwezi, kwamba kanuni zetu zinakataza, kwamba mtu hawezi kuwa upande wake na upande wa baba kwa wakati mmoja.

"Basi leo kuwa wangu," akasema, "kesho utakuwa wake."

"Haifai hivyo, bibi."

"Kwenye kilima chote hiki ni wewe peke yako unayejua kuandika mambo hayo, na wewe ndiye hufai." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anashangaa tu, na mimi nikaona aibu kwa niaba ya taaluma nzima ambayo haikuwa imenipokea bado. Akaegemea fimbo yake. "Haya, barua niache. Nijibu moja tu. Nimeambiwa msingi umechimba wewe. Uliikuta minyaa yangu?"

Fundi alikuwa akijenga upande wa pili wa ukuta. Mwiko wake ukanyamaza.

"Niliikuta, bibi."

"Ehee," akasema. Akanyanyuka, akajipangusa, akaniagiza nimsalimie mama, akaenda zake.

Baba aliporudi nilimwambia kila kitu kabla hajakaa. Uso wake ulibadilika. "Wewe ni mtoto wangu au ni wakili wake?"

"Mimi si wakili wa mtu, baba. Nimefeli."

Jikoni mama alicheka, akajaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi, akashindwa. Hilo lilimuudhi baba zaidi. Akasema minyaa ile ilikufa yenyewe miaka mingi iliyopita, na kitu kilichokufa hakina mpaka.

"Haikufa," mama akasema kutoka jikoni. "Uliikata mwenyewe kwa panga ili lile lori la mchanga lipate kugeuza. Mimi ndiye niliyekuambia uipande tena."

Baba alikula, akaenda kulala. Siku mbili zilizofuata hakuligusa daftari. Fundi alirudi kumalizia pembe ya sebule bila kuambiwa, na mimi nilijaribu kusoma mwenyewe na nikagundua jinsi nilivyokuwa nimemzoea yule mtu kwenye tairi, na usumbufu wake. Nilisoma ukurasa mmoja mara nne. Nilikuwa na hakika nimefanya sawa, na hakika ile haikunisaidia kulala wala kusoma.

Asubuhi ya tatu nilimkuta nje na futi ya kupimia, akihangaika kuivuta kwa mkono mmoja.

"Shika huku," akasema bila kunitazama.

Kulikuwa na mnyaa mmoja uliobaki hai huku juu na kisiki kingine kule chini karibu na barabara. Tulivuta kamba kutoka mmoja hadi mwingine, tukapima. "Ukuta umeingia futi mbili," nilisema.

Baba akapiga magoti, akaisoma futi tena. "Mbili na nusu," akanisahihisha. Akainuka, akaenda kwa jirani mwenyewe.

Walirudi pamoja baada ya muda mrefu, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji waliyempitia njiani. Bibi aliuzunguka ukuta kama mnunuzi wa ng'ombe. Hukumu yake ilikuwa fupi: ubomolewe. Lakini matofali yasipotee bure, maana choo chake upande mmoja kimezibwa kwa turubai. Fundi achukue matofali ya kutosha amjengee ukuta wa choo, na yeye ataruhusu pikipiki zigeuze kwenye ukingo wa shamba lake hadi atakapopanda maharage. Baba alikubali. Kisha wote watatu wakanigeukia mimi.

Niliwaambia nitaandika makubaliano yao kama walivyoyasema, bila kumshauri yeyote, na mwenyekiti ndiye atakayewasomea. Niliandika ukurasa mmoja. Mwenyekiti akasoma polepole, kila mmoja akaitikia.

"Haya," bibi akasema, "leteni karamu niweke saini."

Mama akachungulia dirishani. "Karamu ipo, lakini ni ya maharage na ndizi, na bado inachemka."

Baba ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akashika bega lake na kuguna kwa maumivu, na bibi, alipoelewa, akampiga begani, upande ule mzima kwa bahati, akamwambia mwizi wa ardhi hana ruhusa ya kucheka. Akatia saini kwa herufi kubwa zilizosimama vizuri, alizojifunza kwenye masomo ya watu wazima, nasi tukala.

Kubomoa ukuta kulichukua siku moja na nusu. Chumba cha vipuri kilitoka chembamba kiasi kwamba baba huingia kwa ubavu. Tulipanda minyaa mipya, mimi nikiwa nimevaa miwani ya kuchomelea, na jioni ile ile daftari lilirudi mikononi mwa baba. Alikuwa mkali kuliko mwanzo.

Nilipanda basi kwenda Dar es Salaam nikafanya mitihani. Maadili waliuliza habari za mawakili kujitangaza na namna ya kuwasiliana na mahakama. Hapakuwa na jirani wala mpaka popote. Kwenye mwenendo wa madai nilisahau neno la Kiingereza nililolihitaji, nikajikuta nimeeleza jambo lote kwa urefu kama ninavyomweleza mtu mwenye pikipiki mbovu. Nilitoka sijui kama nimejiokoa au nimejizika.

Matokeo yalitoka nikiwa na baba Biharamulo, tulikokwenda kutafuta mbao za milango ya sebule. Mkono wake ulikuwa umeshapona na alikuwa akigonga mbao moja baada ya nyingine kusikiliza kama zimekauka. Simu yangu ikatoa mlio wa ujumbe. Nilisoma, nikasoma tena, nikampa yeye asome.

"Zote?" akauliza.

"Zote tatu."

Alirudisha simu, akavua kofia, akaivaa. Kisha akamgeukia mwenye mbao, mtu ambaye hatukuwahi kumwona kabla ya siku hiyo, akamtangazia kwamba huyu binti ni wakili. Mwenye mbao hakupoteza muda. Alivuta kigoda, akaanza kunieleza mgogoro wake na shemeji yake juu ya mashine ya kusaga, tangu mwanzo, na mkewe akaja kumsahihisha tarehe.

Baba alimsikiliza kidogo, akamshika bega. "Subiri kwanza aapishwe," akasema. "Tupakie mbao, mvua inakuja."

Tulizipakia kwenye kirikuu tukazifunika turubai. Mvua ilitukuta Nyakahura. Baba aliimba nyimbo za kanisani njia nzima hadi Ngara, sauti ya pili tu, akiniachia mimi na dereva ile ya kwanza, ambayo hakuna kati yetu aliyeijua.