Maboga Sebuleni

Nyumba yangu ya Nkuhungu ilifika kwenye lenta, juu tu ya madirisha, ikasimama hapo misimu mitatu ya mvua. Watu walidhani fedha zimeniishia, nami niliwaacha wadhani hivyo. Kumbe mabati yalikuwa yamelala kwa jirani, na mbao zimeshapigwa dawa. Kilichoniishia ni moyo wa kazi.

Nilianza kwa moto wa mabua. Asubuhi kabla ya ofisi nilikuwa saiti, namwagilia tofali mwenyewe. Kisha nikabadilisha madirisha. Kisha nikaona paa jingine kwenye simu, nikamwambia fundi asubiri kidogo. Fundi alisubiri, akachoka, akaenda kwa wenye akili zao. Mwishowe nikawa napita barabara ya nyuma nisije nikaiona nyumba yangu mwenyewe.

Kila mtu alikuwa na dawa ya ugonjwa wangu. Kazini waliniambia, "Unakosa focus tu, dada. Jipange." Jirani anayenitunzia mabati alinitania kila tulipoonana: "Ng'ombe hashindwi na nunduye, mbona wewe yako imekushinda?" Nilicheka. Rohoni nilitamani ayatupe hayo mabati barabarani, nami nipumzike.

Lakini sikuweza kupumzika, kwa sababu ya mama. Alikuwa Chemba peke yake, magoti mabovu, chini ya paa la udongo linalovuja. Nilimsihi aje tukae wote kwenye chumba changu cha kupanga. Akakataa. "Nyumba ya watu sihamii, mwanangu. Wewe ezeka, nitakuja." Kila wingu lilipokusanyika nilikasirika, na sikujua namkasirikia nani.

Mvua za Desemba zilipoanza, akaja mjini kutibiwa magoti. Kwa siku chache tu, alisema. Nilimpeleka kuiona nyumba, shingo upande. Aliingia kwenye mlango usio na mlango, akainama kwa shida, akachota udongo. Mbuzi wa mtaani walikuwa wamelala humo miaka yote hiyo.

"Samadi tupu," akasema.

Kesho yake aliniomba jembe. Nilidhani anataka kuondoa magugu, nikamwazimia kwa jirani. Siku hiyohiyo nilisafiri kikazi kwenda Kongwa, na kazi ikanishika huko zaidi ya mwezi. Kwenye simu mama alisema hajambo, kliniki wamempa tarehe nyingine.

Niliporudi jirani alinisubiri njiani, anacheka peke yake. "Dada, sebule yako imestawi."

Nilikwenda mbio. Mlango ulikuwa umezibwa kwa matawi ya miiba. Sebuleni maboga yalikuwa yametambaa ukuta hadi ukuta. Jikoni kunde. Pale nilipopanga kuweka bafu, mahindi yananifika kiunoni. Mama alikuwa amekaa juu ya tofali, anang'oa magugu kwa mkono.

"Shikamoo, mama. Hiki ni nini?"

"Marahaba. Shamba. Lina ukuta, mbuzi hawalipati."

"Mama, hii ni nyumba."

"Nyumba ina paa," akasema, na hakuacha kung'oa.

Nilifoka. Nilimwambia amenifanya kichekesho cha mtaa, kwamba hakuna fundi atakayekubali kufanya kazi katikati ya maboga, na kwamba mwanamke anayejenga peke yake anasemwa vya kutosha bila kuongezewa shamba sebuleni. Aliniacha nimalize. Nikaanza kupita chumba hadi chumba, nikitazama nitakavyoving'oa vyote, mpaka nikafika chumba cha nyuma, kile nilichomwahidi kwa sababu kiko karibu na choo.

Humo hamkuwa na hata mche mmoja. Ardhi ilikuwa imeshindiliwa na kufagiliwa. Mkeka umekunjwa pembeni, na kigoda kimewekwa chini ya dirisha.

"Mbona hapa hukupanda?" nikauliza.

Alinifuata polepole, ameshika ukuta. "Nipande chumbani kwangu?" Alishangaa kwelikweli. "Nitalala wapi mchana?"

"Unalala humu? Na mvua?"

"Mvua nimeizoea. Hata kule Chemba inaninyeshea."

Hakusema kwa kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Hasira niliyokuja nayo ilinigeukia mwenyewe. Nililia nikiwa nimesimama, kwa aibu, huku nikitafuta namba ya fundi. Alipopokea sikumpa nafasi ya kulalamika. Nilimwomba radhi, nikamwambia aje kesho, paa ni lilelile la mwanzo, sibadilishi tena kitu.

"Tuanzie sebuleni?" akauliza.

"Anzia chumba cha nyuma."

Mama akanishika mkono. "Mwambie apite pembeni," akasema. "Maboga bado machanga."