Gauni la Mama Lililoitwa Shimizi

Miaka yote tuliyokaa kwenye kambi ya wakimbizi, kule Kigoma, Mama alikuwa na gauni moja tu la kutokea. Lilikuwa la satini, rangi ya zambarau iliyoiva, lenye lesi kifuani na mikanda miwili myembamba mabegani. Alilichomoa mwenyewe kwenye belo la mitumba huku mwanamke mwingine amelishikilia upindo. Kanisa letu halikupenda mabega wazi, kwa hiyo alivaa blauzi nyeupe ndani, gauni juu yake, kisha kitenge kiunoni. Basi, Jumapili imekamilika. Yeye ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo, na mimi kwa utoto wangu niliamini kwamba ile sauti inatoka kwenye satini.

Tulipopata safari ya Australia tukaambiwa tupunguze mizigo. Mama aliacha sufuria zake zote, akabeba gauni.

Lakini ili uelewe kilichotokea huku Sydney, lazima kwanza nikueleze kamba yetu ya nguo. Tunakaa Macquarie Fields, nyumba ya serikali yenye ua mdogo, na katikati ya ua kuna kile chuma cha kuanikia kinachozunguka kama mwavuli usio na kitambaa. Mama aliweka sheria tangu wiki ya kwanza. Nyaya za nje ni za nguo za kutokea, mashuka na taulo, vitu vinavyoweza kuonwa na watu. Nyaya za katikati ni za chupi na sidiria, na hizo zinaanikwa chini ya kitenge, zikauke hukohuko gizani. Jirani yetu wa ng'ambo ya uzio huanika kila kitu wazi, hata vile vya kamba-kamba, na Mama akimkuta uani humsalimia huku anaangalia mawingu.

Gauni la zambarau lilikaa waya wa nje. Kila Jumatatu liliruka na upepo, na mimi nikienda kazini niliweza kuliona mpaka nifike kona.

Kanisa letu hukodi ukumbi mchana wa Jumapili, baada ya Wazungu kumaliza ibada yao. Jumapili moja tulikuwa tunapakua wali. Kuna mama mmoja wa kwaya aliyetangulia kufika nchi hii miaka mingi kabla yetu, na hakuna kitu cha huku asichokijua. Akamshika Mama mkono mbele ya watu.

"Dada yangu, nakwambia kwa sababu nakupenda. Hilo si gauni. Hilo ni shimizi. Wazungu wenyewe wanalivaa ndani, au wanalala nalo."

Kisha mwingine kutoka meza ya soda akadakia, "Kumbe nyimbo zote hizi tumeanzishiwa na mtu aliye usingizini!"

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, na hicho ndicho kilichoniuma, maana alicheka kwa adabu, kama mtu anayempokea mgeni asiyemtaka. Akafungua kitenge kiunoni, akakipandisha mpaka kwapani kama mtu anayetoka kuoga, akakaa hivyo mpaka mwisho wa chakula.

Jumatatu yake nilitoka uani, nikaangalia nyaya za nje. Hamna kitu. Nikainua kitenge cha katikati. Gauni la Mama lilikuwa limekunjwa mara mbili, limebanwa na vibanio katikati ya chupi zetu.

Jumapili zilizofuata Mama alivaa sketi ya kijivu, akakaa viti vya nyuma karibu na mlango. Mchungaji alipomuuliza, alisema koo linamsumbua. Koo gani? Mtu huyu alikuwa anaimba akimenya vitunguu! Sasa jikoni kulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia friji. Mimi nilitaka jambo moja tu hapa duniani, Mama aanzishe wimbo tena. Mengine yote, pamoja na duka la nguo ninalolijenga kichwani kila nikipanda treni, yangeweza kusubiri.

Kazi yangu iko Lidcombe, kwenye nyumba ya wazee. Sikusoma sana. Niliacha shule mapema, nikachukua kozi fupi ya kuhudumia wazee, na ninaipenda kazi yangu. Kuna bibi mmoja ninayemvisha kila asubuhi, mwembamba, mwenye ulimi. Droo yake ya nguo za ndani ni kama kitabu cha historia, na asubuhi moja, nilipokuwa namfungia sidiria, alinisomea.

Mama yake alivaa kile kizibao cha kamba nyuma chenye mifupa ya kubana kiuno, akivutwa mpaka anakosa pumzi, na ndiyo ilikuwa heshima. Yeye mwenyewe alivaa mpira wa kubana tumbo wenye vishikizo vya soksi ndefu, siku za joto akijipaka poda kwanza ili upite mapajani. Sidiria za wakati wake zilikuwa na ncha. "Ungeweza kumtoboa mtu jicho ukicheza naye dansi," alisema. Kisha mdogo wake akarudi nyumbani siku moja hana kitu ndani ya blauzi, na baba yao akakataa kula naye meza moja. "Na sasa wajukuu zangu wanaonyesha mikanda makusudi."

Nikamwambia, hata sisi. Bibi yangu alijifunga kitambaa kifuani akienda kulima, na hakuna aliyemhesabu kuwa yuko uchi. Wakati wa Mama, sidiria, ambayo yeye mpaka leo huiita sutien, ikageuka kuwa kipimo cha malezi. Msichana asiyenayo waliuliza mama yake ni nani. Mimi na wenzangu kambini tuliacha mkanda uteleze begani kidogo, kwa bahati mbaya ya kupanga, ili watu wajue kwamba tunayo.

Tulicheka sana. Kwa ule ukaribu nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya Mama na gauni lake. Akavaa miwani.

"Hiyo ni nguo ya ndani, mpenzi. Ninayo ya namna hiyohiyo."

Damu ikanichemka. "Nani aliamua kwamba ni ya ndani?"

"Sijui," alisema, akanirudishia simu. "Hata mimi hakuna aliyeniuliza."

Jioni ile nilikuwa naelekea stesheni na lile neno linanizunguka kichwani. Nikapita mbele ya duka la nguo za wasichana, nikasimama ghafla mpaka mtu nyuma yangu akanigonga. Dirishani kulikuwa na sanamu la kike, refu, halina kichwa. Limevaa satini yenye lesi kifuani na mikanda myembamba, na ndani yake limevaa fulana nyeupe.

Jamani! Lilikuwa Mama. Lilikosa kitenge tu.

Nilicheka peke yangu barabarani, kisha machozi yakaja bila kuombwa. Kumbe hawa wa madukani walitufuata! Mama yangu alivaa hivi kwenye vumbi la kambi, hana hata kioo kizima cha kujitazamia, na leo vazi lake limewekwa dirishani na kumulikwa taa. Treni yangu ikaondoka nikiwa bado napiga picha.

Mama aliitazama ile picha huku akichambua maharage. Mdogo wangu, ambaye anasikia Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza, alikuwa amekaa sakafuni.

"Hao ni wasichana," Mama alisema. "Mimi ni mama wa kanisa."

"Ulianza wewe, Mama. Hawa wamekuiga."

"Maneno mingi ya nini? Watu watasema."

"Who cares?" mdogo wangu akasema bila kuinua kichwa.

"Nani anakea? Mimi nakea!" Mama akamrushia harage. Lakini simu hakuirudisha haraka. Alikuza picha kwa vidole viwili, akachunguza mshono wa pembeni. "Yetu ina lesi nzuri kuliko hii," alisema, kisha akanipa simu yangu na kurudi kwenye maharage.

Nikaona hapa sitaelewana naye kwa mdomo. Jumapili iliyofuata nililitoa gauni kabatini, nikavaa fulana yangu nyeupe, nikalivaa juu yake, nikatokea sebuleni.

"Vua," Mama alisema.

"Sivui. Ninakwenda nalo kanisani. Wakicheka, wanicheke mimi."

"Hiyo nguo si yako."

"Wewe uliitupa huko chini ya kitenge, pamoja na chupi. Mimi nimeiokota."

Si kawaida yangu kumjibu Mama. Akanizunguka polepole. Kwangu lesi ilining'inia, kifua hakikujaa, na upindo uliburutika upande mmoja. Akajaribu kuvuta mkanda, ukateleza. Akavuta tena. Nikaona midomo yake inakazana.

"Unaiharibu," alisema. "Angalia inavyolia hapa kwapani. Hii nguo inataka mwanamke. Toa hapa!"

Nilivua palepale sebuleni, nikabaki na fulana. Alipotoka chumbani alikuwa amevaa blauzi yake nyeupe, gauni juu, na kitenge kiunoni. Chini kabisa, nakwambia, kiunoni hasa, hakukipandisha hata kidogo.

Yule mama wa kwaya alituona tangu mlangoni. Akaja na tabasamu lake.

"Dada, leo tena?"

"Leo tena," Mama alisema. "Na Jumapili ijayo."

"Lakini nilikueleza kwamba hilo ni..."

"Ulinieleza. Nilisikia. Ni shimizi. Nimelivaa."

Yule mama akabaki anachezea kamba ya mkoba wake. Mama akampita. Akapita viti vya nyuma, akapita vya katikati, akasimama pale anaposimama mwanzishaji. Mpiga kinanda alikuwa bado anatafuta waya wake. Mama hakumsubiri. Sauti ilitoka ikiwa na mikwaruzo kidogo kwa kukaa muda mrefu, ikapanda, na kina mama wakaipokea kwa mazoea kabla hata hawajakumbuka kwamba walikuwa wamemcheka. Yule wa kwaya alipokea ubeti wa pili. Alipokea vizuri, siwezi kumnyima hilo.

Jumatatu Mama alilianika gauni waya wa nje. Upepo ulikuwepo. Mimi nikaona mlango wa ruhusa umefunguka, nikachukua sidiria yangu mpya, nyekundu, nikaibana palepale pembeni ya gauni. Jirani akapunga mkono kutoka ng'ambo ya uzio. Mama akatoka na beseni, akaiona, akasimama.

"Weye," alisema. "Usinipande kichwani."

Akaifunika na taulo ndogo. Ndogo kweli, mkanda mmoja ulibaki nje.