Supu ya Kabichi Iliyomrudishia Bibi Hamu

Wiki iliyopita nilikuwa njiani kwenda Geita, nikasimama Kahama nipate chai. Nikaona nitembee hadi mtaa tuliokuwa tukiishi baba alipofanya kazi mgodini. Nyumba sikuikuta, pamejengwa duka la vipuri vya pikipiki. Nikasimama pale kama niliyepotea, na, rafiki yangu, moyo ukanirudisha jikoni kwa mama.

Mama yangu ni Mrusi. Baba alimwoa huko alikosomea mambo ya madini, akaja naye Usukumani. Mama alijifunza kusonga ugali, kupeta mchele, hata kupiga goti akimsalimia mkwewe: "Mwangaluka, mayu." Jambo moja tu lilimshinda. Bibi, mama yake baba, hakuwahi kula chakula alichopika mama yangu. Kila akija kututembelea alikuja na nsansa zake, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, akajipikia mwenyewe kwa karanga. Hakuwa na ubaya. "Mimi mzee," alikuwa akisema. "Tumbo langu linajua Kisukuma tu."

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, bibi aliletwa kwetu akiwa mgonjwa. Malaria ilipotoka, ilitoka na hamu yake ya kula. Alikonda hadi bangili zikawa zinamdondoka mkononi. Daktari alimwambia baba waziwazi kwamba asipokula, dawa hazitamfaa kitu. Shangazi zangu wakaleta uji, wakaleta maziwa mgando. Bibi alionja kidogo, akageukia ukutani.

Mama naye akapika alichopikiwa yeye alipougua utotoni: supu ya kabichi na uji mgumu wa uwele, maana hata kwao uwele unaliwa. Bibi alionja kijiko kimoja.

"Mama Minza," alisema, akimwita kwa jina langu, "haya si maji ya moto tu?"

Mama alitoka kwenda uani, akaanza kusugua sufuria iliyokuwa safi tayari.

Hapo ndipo jirani alipomkuta. Jirani yetu alitoka Mali. Mumewe alikuja kununua dhahabu, na yeye aliuza vitenge sokoni. Kiswahili alikiokota hukohuko sokoni, akakisema bila woga. Akachota supu, akaonja, akatikisa kichwa.

"Dada, supu nzuri. Lakini inanong'ona. Mgonjwa hasikii kunong'ona."

Akaenda kwake, akarudi na donge jeusi. Sumbala, aliliita: mbegu za mti wa kwao, zimechemshwa, zikafunikwa mpaka zikachachuka, zikakaushwa. Harufu yake! Ilikuwa kama buti la mchimbaji aliyeshinda shimoni. Mimi nilikimbilia getini nimeziba pua. Mama alinusa, akanusa tena, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"Bibi yangu alichachusha kabichi kwenye pipa," alisema, "na majirani waliziba pua hivihivi!"

Wakalitwanga donge pamoja na kitunguu, wakalitia kwenye supu. Nilirudi polepole, maana harufu ilikuwa imebadilika. Sasa ilinukia karanga, na moshi, na nyama iliyokaangwa.

Sauti ya bibi ikatoka chumbani. "Nani anapika nsansa?"

Mama aliingia na bakuli. Bibi akanywa. Akanywa tena. "Na ule uji wako wa uwele uko wapi?" Mama alikimbia kuufuata. Bibi akaumwagia supu, akala kwa vidole mpaka bakuli likang'aa.

"Wabeja," akasema, akishukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, mwanangu."

Mwanangu! Hakuwahi kumwita hivyo. Baba aliporudi aliwakuta wanawake watatu, bibi, mama na jirani, wamekaa kitandani wakicheka, akasimama mlangoni na kofia ya mgodini kichwani, amesahau kuivua.

Baada ya mavuno, shangazi yangu mdogo aliolewa kijijini. Wanawake wakigawana kazi za jikoni, mmoja akasema mzungu akae na wageni. Bibi akainuka, mzima kabisa.

"Supu atapika mkamwana wangu. Asiyeitaka ale ugali mkavu."

Jirani alikuja na mfuko mzima wa sumbala. Asubuhi watu walipita jikoni wameziba pua. Mchana walikuwa wamepanga mstari, wafugaji na wachimbaji kutoka machimbo ya Mwakitolyo, na watoto wakagombea ukoko wa uji. Masufuria yakakwanguliwa. Vigelegele vilipopanda, bibi alimshika mama mkono, akamzungusha uwanja mzima kama anavyozungushwa mshindi wa ngoma, na mama, uso mwekundu kwa moto na furaha, alicheza vibaya sana na hakuna aliyejali.

Bibi ameshatangulia. Jirani alihama na mumewe, namba za simu zikapotea, na sumbala anayotengeneza mama siku hizi kwa soya, mwenyewe anakiri haifiki. Wanawake wale watatu hawatakaa tena kitanda kimoja. Lakini nilikuwepo siku mama yangu aliposhinda, na katika ushindi ule hakuna hata mmoja aliyeshindwa.