Msusi Hamalizii Kichwa cha Mwenzake

Mimi ni fundi cherehani, na ukuta wa duka langu ndio ukuta wa saluni ya Vidole. Ukuta wenyewe ni wa mbao, kwa hiyo habari zote za mtaa huu hunifikia nikiwa nimekaa, bila kulipia wala kuuliza. Anayeniita mmbea huwa namwambia aje anijengee ukuta wa matofali, halafu tuone.

Vidole si jina alilopewa na wazazi wake. Amelipata kwenye vichwa vya watu. Akianza kukusuka mistari unasikia ubaridi wa mafuta na mkwaruzo wa chanuo, na ukija kushtuka amefika kisogoni. Saluni yake ina kioo kimoja kilichopasuka pembeni, feni inayolalamika, na kigoda cha mteja ambacho kimekaliwa mpaka kimeng'aa. Mdomo wake nao haulali. Mikono ikiwa kazini, mdomo uko kazini, na mteja akiondoka anakuwa amesukwa nje na ndani.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kipande cha ardhi kati ya ukumbi wa Chama cha Mto na mto wenyewe, hushinda mama mkwe wake. Tunamwita Bi Kitalu, kwa sababu hapo ndipo anapootesha miche, kwenye makopo ya rangi na mifuko ya maziwa, tangu Vidole hajaolewa. Mti wowote unaouona ukingoni mwa mto ulianzia kwenye mikono ile. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache mengi yake huambiwa miche. Machoni pake kusuka nywele si kazi, ni kukaa tu. Siku mwanawe alipomleta mchumba nyumbani, inasemekana alimtazama binti juu mpaka chini, kisha akamwuliza kijana wake kama ameleta mke au redio.

Tangu hapo Bi Kitalu hakuwahi kukanyaga saluni, japo ni kuvuka barabara tu. Kitambaa chake cha kichwani hakuna aliyewahi kukiona kikifunguliwa. Kila asubuhi Vidole husimama mlangoni na kuamkia, shikamoo mama, na kutoka ng'ambo hujibiwa marahaba, basi. Siku moja aliniambia kwamba akizikusanya marahaba zote alizopewa tangu aolewe hazijai kikombe. Alisema akicheka, lakini mimi namjua kicheko chake, na kile hakikuwa chenyewe.

Sasa hicho Chama cha Mto. Kila mwaka kina mkutano wa kuchagua bodi. Nasema kila mwaka, lakini uchaguzi wenyewe hatujawahi kuuona. Katiba inataka nusu ya wanachama wawepo ukumbini, ndiyo akidi, na wanachama ndio sisi, maana zamani kila aliyepanda mti alipewa kadi. Basi mkutano huitishwa Jumamosi asubuhi. Jumamosi asubuhi wanawake wako saluni, sokoni au kwenye beseni la nguo, na wanaume wako wanakokujua wenyewe. Mwenyekiti husimama, huvitazama viti vitupu kwa huzuni ya kupendeza, kisha husema kwamba kwa kuwa akidi haikutimia, bodi itaendelea kuubeba mzigo. Wameubeba mzigo huo mpaka wamenenepa.

Mwaka huu mzigo ulitaka pa kuegesha. Bodi ilibandika tangazo mlangoni pa ukumbi kwamba baada ya mkutano mkuu kitalu kitaondolewa, pamwagwe kokoto, pawe maegesho ya magari ya wageni wanaokuja kutazama mazingira. Nilisoma mara mbili nikidhani macho yangu yamechoka na sindano. Chama cha kupanda miti kinang'oa miche ili magari yapate pa kulala.

Bi Kitalu hakulia wala hakugomba. Alinawa mikono, akaingia kwa katibu na kujiandikisha kugombea bodi. Viti viwili kati ya vinne vilikuwa vya kugombewa, kimoja kikiwa cha Mwenyekiti. Cha pili akakifuata Breki, msukuma mkokoteni anayetoa takataka mtoni bila kutumwa na mtu, na ambaye jina lake limetokana na kitu ambacho mkokoteni wake hauna. Alikuja kwangu nimgeuzie kola ya shati, upande uliochakaa uingie ndani, ili siku ya uchaguzi aonekane mtu wa bodi. Nikamgeuzia bure. Huo ndio uliokuwa mchango wangu wa kwanza katika siasa.

Wenye bodi waliwapokea wagombea wetu kwa tabasamu pana. Kwa nini wasitabasamu? Akidi isipotimia, hata ukigombea na malaika hupati kitu.

Vidole alivuka barabara kwenda kutoa msaada wake. Alimkuta mama mkwe anamwagilia. Alijibiwa bila kugeukiwa kwamba asante, ila jina la Bi Kitalu lisisukwe vichwani mwa watu. Uchaguzi wake usiingie saluni. Nilimwona akirudi taratibu, akakaa kwenye kile kigoda cha wateja, yeye mwenyewe, mikono mapajani. Nikaacha kazi nikamfuata.

"Kitalu kikiondoka, mama naye ataondoka," aliniambia. "Ameshasema atakwenda kwa kaka yake, huko mbali. Nitakuwa namwamkia nani?"

Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilimwambia kulia hakujawahi kujaza ukumbi. Kama watu wangefika, mama yake angeshinda asubuhi na mapema, maana hakuna nyumba isiyo na kivuli cha mche wake. Shida ni watu. Jumamosi asubuhi wanapatikana wapi?

Vidole akainua kichwa. "Wako kwangu," akasema, kisha akanyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kimya cha mtu kama Vidole kina mshindo zaidi. Ningejua ningejitayarisha.

Wiki ile ya uchaguzi wateja walikuwa wengi, kwa sababu alitangaza bei ya punguzo kwa atakayekuja mapema. Alhamisi na Ijumaa nikawa nasikia kupitia mbao jambo jipya. Mteja anakaa, anasukwa, stori zinaendelea vizuri, halafu ghafla Vidole anasema vidole vimechoka, upande huu umekamilika, ule mwingine Jumamosi asubuhi. Mteja anauliza Jumamosi hapa? Anajibiwa hapana, Jumamosi kigoda kitakuwa barazani kwa ukumbi wa Chama cha Mto, na kusuka kutaanza mkutano ukiisha, kwa waliokaa ndani tu. Hapo huzuka ugomvi kidogo, kisha kicheko, kisha mlango. Nilichungulia dirishani nikawaona wakitoka mmoja mmoja, upande wa kulia mistari imelala safi, upande wa kushoto nywele zimesimama kama zimesikia habari mbaya.

Mtu ambaye hajasukwa atauliza kwa nini wasiende kumaliziwa kwa msusi mwingine. Haiwezekani. Msusi hamalizii kichwa cha mwenzake. Mkono haulingani, mmoja anavuta na mwingine analegeza, na zaidi ya hapo ni adabu ya kazi. Ukipeleka kichwa nusu kwa msusi mwingine atakuuliza aliyeanza amekufa? Kama hajafa, rudi.

Nami nilikwenda Ijumaa jioni, nikijua ujanja wote, nikaamini kwamba jirani wa ukuta mmoja hawezi kufanyiwa hivyo. Alipofika katikati ya utosi akaweka chanuo chini.

Nikamwambia, "Umenilaghai."

"Sikukulaghai. Nilikuahidi kichwa kizima, sikukuahidi siku," akasema. "Na ukifika ndani mpigie unayemtaka, hata Mwenyekiti. Mimi nataka viti vijae tu."

Haki ya mtu nimpe: wiki nzima hakutaja jina la mama mkwe wake. Wateja walimchokoza, wakamwuliza tumchague nani basi, naye akabana midomo kama mwenye pini mdomoni. Alikatazwa, naye akatii, na kwa mtu wa namna ile hiyo ni kazi kuliko kusuka.

Jumamosi ikafika. Mwenyekiti alikuwa amekwisha simama mbele, mikono nyuma, uso wa huzuni umeshavaliwa. Alikuwa ametamka "kwa kuwa" wakati mlango ulipofunguliwa. Tukaingia. Wenye vichwa nusu hawakuja peke yao, maana hakuna anayekubali kuaibika mwenyewe. Kila mmoja alikuwa amemburuta mume, wifi, dada au jirani aliyekuwa na kadi. Breki akaingia na wasukuma mikokoteni wenzake, kola yake imesimama. Viti vikajaa, watu wakaegemea kuta.

Ukumbi ule una kiyoyozi, lakini kiko chumba cha bodi. Joto likatupanda chini ya vitambaa tulivyofichia vichwa nusu. Mwanamke mmoja muuza samaki, aliyekaa mbele kabisa, akakivumilia chake, akakivumilia, kisha akakivua na kujipepea nacho. Nusu kichwa hadharani. Wa pili akavua, wa tatu, mimi, safu nzima, safu mbili, na ukumbi wote ukaangua kicheko ambacho sijawahi kukisikia katika mkutano wa maendeleo. Mwenyekiti alitutazama macho yamemtoka pima. Nadhani alifikiri ni maandamano. Na kweli yalikuwa maandamano, ila hatukuwa tumeambiana.

Katibu akahesabu. Akahesabu tena kwa kidole, mara ya tatu akinong'ona. Kisha akamwinamia Mwenyekiti, na uso wa Mwenyekiti ukaanza kurudi kwenye uzuri wake. Akidi imepungua mtu mmoja. Kwa hiyo, alisema, kwa masikitiko makubwa.

Hapo mdomo wangu, ambao wengi wameulaumu, ukafanya kazi yake. Nilisimama nikasema mwanachama mmoja yuko nje barazani, anapanga machanuo. Kadi yake nimeiona kwa macho yangu, imechomekwa kwenye ufa wa kile kioo tangu kioo kilipopasuka. Hakuingia kwa sababu alikatazwa kujiingiza.

Sikusema alikatazwa na nani. Haikuhitajika. Bi Kitalu alikuwa amekaa pembeni na wagombea, mikono yake ya udongo imefumbatwa. Akasimama. Ukumbi wote ukamtazama akipita katikati ya vichwa nusu, akiviangalia kimoja kimoja, kulia, kushoto, na nikamwona akielewa. Akafika mlangoni.

"Mwanangu," akaita. "Ingia ndani. Tunakungoja wewe."

Vidole aliingia na chanuo mkononi, mafuta mpaka kwenye viwiko. Alisimama nyuma kabisa, kichwa chini, akijifuta machozi kwa mgongo wa mkono. Mimi nikamtazama Mwenyekiti, kwa sababu sitaki watu waseme kwamba nami nililia.

Kura tuliandika kwenye vipande vya karatasi tukavitumbukiza kwenye ndoo. Bi Kitalu akaongoza, Breki akamfuata. Katibu alipotangaza, wasukuma mikokoteni walipiga mbinja mpaka vioo vikatetema, na Breki akawa anashika kola yake kila mara kuhakikisha bado ipo. Kabla hatujatoka, mkutano ukaamua kwa mikono juu kwamba kitalu kibaki kilipo, na wageni wanaotaka kutazama mazingira waje kwa miguu wayaone vizuri. Bodi ya zamani nayo ilinyoosha mikono. Nusu yao bado wako ndani, na wanajua kusoma upepo.

Barazani ikawa patashika. Kila mmoja anadai yeye ndiye wa kwanza, muuza samaki anasema alisukwa Alhamisi, mwingine anasema yeye ana wageni jioni. Kelele zikakatika zenyewe. Bi Kitalu alikuwa ametoka. Tulidhani anakwenda kwa miche yake, tukampisha njia. Hakwenda. Akakikalia kile kigoda, akapeleka mikono kisogoni, na kukifungua kitambaa.

Nywele zake ni nyeupe, laini, nyingi kuliko nilivyofikiri. Hakuna aliyecheka. Vidole alisimama nyuma yake muda mrefu, kama mtu aliyesahau kazi yake, kisha akatia mafuta na kuanza. Alisuka bila kusema neno hata moja. Mimi ninayeishi nyuma ya mbao zake sijawahi kuusikia ukimya ule. Alipofika katikati ya utosi akasimama, akajifuta vidole.

"Mbona umeacha?" akauliza Bi Kitalu.

"Vidole vimechoka, mama. Nusu nyingine kesho. Saluni."

Tulishika vinywa vyetu. Bi Kitalu akapeleka mkono upande uliosukwa, akaupapasa, kisha upande wenye nywele zilizosimama. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani amekasirika, kumbe anacheka, kicheko kidogo kikavu cha mtu asiyekizoea, na kikazidi mpaka ikabidi ajishike magoti.

Jumapili Vidole hafungui, nami sifungui. Jumapili hiyo alifungua, nami nikaja kwa kisingizio cha gauni la mteja. Nikaona kwa dirisha Bi Kitalu akivuka barabara, kitambaa kimekaa upande, mkononi ana mche ndani ya kopo. Nikasikia mlango. Nikasikia shikamoo mama, na nikasikia marahaba. Kisha, baada ya marahaba, nikasikia maneno mengine yakifuata, sauti ya chini, polepole: "Marahaba, mwanangu. Washa hiyo feni nikae. Nina mengi ya kukuambia."

Nikakanyaga cherehani kwa nguvu, nisikie hiyo peke yake.